Maua ya Saa Nne Kwenye Ukingo Wetu

Hadi leo, nikisikia ufagio wa vijiti ukikwaruza ardhi alfajiri, nakunja uso kabla sijafumbua macho. Najua wako watu wanaoikumbuka sauti hiyo kwa mapenzi, wanasema inawarudisha kwa mama zao. Mimi pia inanirudisha kwa mama yangu, na ndiyo maana nakunja uso. Mama alikuwa Msamia wa Masinya aliyeolewa na Mwislamu wa mjini Busia, na katika yote aliyotoka nayo kwao hakuna alichokishika kwa nguvu kama ufagio. Uwanja wetu ulifagiliwa kila siku kabla jua halijatoka, kuanzia ukutani hadi mwisho wa kiwanja, mpaka ardhi ikabaki tupu, nyekundu, imejaa michirizi ya vijiti. Jani moja likichomoza, lilikwanguliwa kwa jembe. Majani mlangoni yalikuwa maficho ya nyoka, na tena yalikuwa aibu ya mwanamke. Wakati huo wa Mwingereza bwana afya alipita na baiskeli yake akikagua vyoo na viwanja, na mama aliposikia kengele ya baiskeli ile alisimama wima kama askari, ufagio mkononi, akingoja kusifiwa. Na alisifiwa kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba kila alipofagia alikuwa anaisukuma nyumba yake barabarani.

Maana nyumba yetu ilikaa juu ya ukingo. Serikali ilipopanua barabara iendayo Tororo, watu wa barabara walichonga kilima kidogo kilichokuwa mbele yetu, wakaondoka na udongo wao, wakatuachia ukuta wa ardhi uliokatwa, mrefu kumpita mtu mzima, ukianzia hatua tatu tu kutoka barazani. Kila mvua iliondoka na kipande. Kila ufagio nao uliondoka na chake, vumbi na changarawe zilizolegea zikitupwa chini mtaroni. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka kumi, na kwenye kona moja ukingo ulikuwa umekula hatua zote tatu, baraza ikawa inaning'inia. Nilikuwa naweza kupenyeza mkono chini yake hadi kwenye kiwiko. Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba pamba kutoka Paya na vijiji vingine kuipeleka kwenye kiwanda cha kuichambua Tororo, na kurudi na chochote alichopata. Alikuwa amejaribu kupanga mawe ukingoni, yakaporomoka. Alikuwa amejaribu magogo, mchwa wakala. Kila aliporudi safarini kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa ule ukingo, si sisi, na kila mara alisonya.

Mimi nilikuwa na shida yangu nyingine. Nilitaka shule. Shangazi yangu, dada yake baba, aliishi Tororo karibu na shule ya Waislamu, na alikuwa amesema nyumbani kwake kuna nafasi ya mtoto mmoja tu kutoka kwetu. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Hamisi, mwenye miaka minane. Hamisi hakuwa na hamu na shule. Alitaka kuwa dereva. Mimi nilikuwa nikiokota karatasi zilizofungiwa sukari na kuyatazama maandishi yake, nisielewe hata herufi moja. Lakini nilikuwa nimejichafulia jina. Nilianza kusuka mkeka nikauacha nusu. Nilipewa kuku watatu nikawasahau nje, wakaliwa. Baba alinipa jina la Mwanzo Mzuri, na kila aliponiita hivyo wageni walicheka, nami nikacheka nao. Siku moja mwezi wa nane, alipokuwa ametoka kuutazama ukingo, nilimfuata nikamwambia nataka kwenda kwa shangazi. Akanitazama kama mtu anayefikiria bei ya kitu. Akaniambia, "Haya, Mwanzo Mzuri. Ushike ukingo huu. Mvua za mwisho wa mwaka zikipita na baraza bado iko, utakwenda wewe." Huenda alisema ili nimwache apumzike. Mimi niliyachukua kama kiapo.

Nilijua pa kuanzia. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda na lori hadi kwa shangazi, ambaye alikuwa akishona nguo za watu, naye akanituma nipeleke gauni kwa Mama Filomena, mke wa karani Mgoa wa stesheni ya reli. Nyumbani kwake kulikuwa na ukuta wa mawe, na juu ya ukuta ule kitu kilikuwa kimemwagika hadi chini: mmea wa kutambaa, wenye vijani vinene kama punje za mchele, vimejaa maji, na maua mekundu, ya njano na ya waridi yaliyofunguka yote kwa pamoja. Nilifika yamefunguka; niliporudi alasiri kuchukua malipo ya shangazi yalikuwa yamefumba kana kwamba hayajawahi kuwepo. Mama Filomena aliniambia yanaitwa saa nne, kwa kuwa saa nne asubuhi ndipo yanapoamka. Aliung'oa mmea mmoja na udongo wake wote akanionyesha mizizi: wavu wa nyuzi nyembamba uliokamata mchanga mwingi usioanguka. Nikamwuliza anaulishaje. Akacheka. "Wewe nasahau yeye tu," akasema. "Yeye napenda nasahauliwa. Wewe napenda sana, yeye nakufa." Nilidhani ni mzaha wa wageni.

Basi nilimwomba baba anipitishe tena Tororo, nikarudi na gunia la vipande vilivyovunjwa. Mama Filomena alikuwa amenipa masharti yake, nami niliyashika kuliko nilivyowahi kushika kitu. Vipande visipandwe siku hiyohiyo. Vilale kivulini siku moja hadi jeraha likauke, vinginevyo vitaoza. Visitiwe samadi, maana samadi huvifanya vinenepe majani na kusahau maua na mizizi. Vitafutiwe udongo wa changarawe na jua la kutwa. Maji mara moja tu siku ya kupanda, halafu basi, mpaka vijani vyenyewe vikunjane. Nilikwea ukingo ule kwa tumbo, siku nne mfululizo, nikichimba vishimo kwa kijiti kutoka chini hadi juu, mstari mmoja ukikaa katikati ya nafasi za mstari mwingine ili maji ya mvua yasipate njia iliyonyooka. Chini ya kila kishimo niliweka jiwe dogo la kukishikilia. Magoti yaliniwasha, kucha zikavunjika. Lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa juu, kwenye ule upana wa hatua tatu mbele ya baraza, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mama na ufagio wake.

Nilimsihi aniachie upana wa hatua moja pembezoni asifagie. Alinitazama kama niliyemwomba avue nguo sokoni. "Mimi naacha majani mlangoni?" akaniuliza. "Watu ya kwetu wakikuja kutoka Masinya, watasema mwanamke gani huyu?" Nikamwambia udongo anaoufagia ndio unaotuishia chini ya nyumba. Akaniambia mtoto hafundishi mama kufagia. Tulivutana siku tatu. Mwishowe alikubali, si kwa sababu ya hoja zangu, bali kwa sababu nilikataa kula. Hata hivyo kila asubuhi ufagio ulikuwa unaisogelea ile hatua moja kidogokidogo, na kila asubuhi nililazimika kuamka kabla yake nikasimame pale miguu yangu ikiwa mpaka. Wakati huo hata forodha ya mpakani haikuwa na ukali wa mama yangu.

Baba alirudi Alhamisi. Alikuta nimechuchumaa ukingoni natafuta ndago, yale majani makaidi ambayo ukiyavuta juu yanakatika na kukuachia kiazi chake chini, kiote tena kwa hasira. Kazi ya saa nne, ukishaipanda, ni hiyo tu kwa miezi ya mwanzo: kuichimbulia ndago kabla haijatanda, kukata ncha ili itoe matawi, na kutazama. Hasa kutazama. Baba aliniuliza, "Mbona umekaa?" Nikamjibu natazama saa nne. Akasema kutazama si kazi. Akaniuliza nimemwagilia maji mara ngapi. Nikamwambia haitaki maji. Aligeuka akamwita mama aje asikie: mwanao amepata mmea usiotaka maji, kazi imepata mwenyewe. Nyumbani kwetu, mnielewe, kazi ilikuwa kitu cha kuonekana. Ilikuwa debe kichwani, jasho shingoni, michirizi ya ufagio ardhini. Mtu aliyeinama alikuwa anafanya kazi, na mtu aliyechuchumaa alikuwa anapumzika. Baba akaniamuru nimwagilie asubuhi na jioni, na akamwambia mama anisimamie. Kisha akaondoka na pamba yake.

Nilimwagilia. Naandika neno hili na bado linaniudhi. Nilikuwa najua, nilikuwa nimeambiwa na mwenye mmea, nami nikamwagilia, kwa kuwa baba ndiye aliyeshika ile nafasi moja ya shule. Chemchemi ilikuwa mbali. Nilibeba debe alfajiri na debe jioni, maji yakinimwagikia mgongoni, na majirani wakaanza kumwambia mama kwamba Sauda wake siku hizi amekuwa mtoto wa kufaa. Mama alifurahi. Pale chini kwenye mteremko maji yalikuwa yanateleza na kwenda zake, lakini juu, mbele ya baraza, ardhi ilikuwa imekanyagwa miaka na miaka, na maji yalituama. Wiki ya tatu niliinua tawi likabaki mkononi. Shina lilikuwa jeusi, laini, linanuka kama mboga iliyosahauliwa sufuriani. Nikashika jingine, vilevile. Safu yote ya juu, ile iliyokuwa ishike kona ya baraza, ilikuwa imeoza. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, sikulia kwa huzuni. Nilimchukia baba, nikalichukia debe, nikajichukia mimi. Mama alitoka akanikuta, akayatazama yale matope meusi, akasema labda maji hayakutosha.

Hapo ndipo nilipoanza udanganyifu wangu. Nilichuma ncha zilizokuwa bado nzima, nikazilaza kivulini siku moja, nikautifua ule udongo wa juu na kuuchanganya na changarawe niliyoikwangua barabarani, nikapanda upya. Halafu niliendelea kwenda chemchemini asubuhi na jioni kama kawaida, debe kichwani, nikihakikisha kila mtu ananiona. Lakini nilipofika nilizunguka nyuma ya nyumba nikamwaga maji yote kwenye maboga ya mama. Maboga yalinenepa mwaka ule hadi watu wakaomba mbegu zake. Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili: moja ya kuonekana, isiyo na faida yoyote kwa ukingo, na nyingine ya kweli, ya kuchimbua ndago mama akiwa sokoni, isiyojulikana na mtu. Nilichoka kuliko punda. Hamisi peke yake aliniona nikizunguka nyuma. Nilimwambia ni siri, akasema sawa.

Mvua zilikuja mwezi wa kumi na hazikuja na mchezo. Zilishuka kutoka upande wa vilima vya Osukuru mchana, zikapiga mabati hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Nilisimama mlangoni nikiutazama ukingo. Upande wa pili wa barabara, kwa jirani yetu, ukingo ulikatika na kuanguka na kibanda chake cha kuku. Kwetu maji yalipita juu ya saa nne yakashuka mtaroni yakiwa karibu meupe, hayakubeba kitu. Mvua ilipoisha nilitoka bila viatu, nikapenyeza mkono chini ya kona ya baraza. Uliingia hadi kwenye kiwiko, palepale. Siku ya pili vilevile, na wiki iliyofuata vilevile. Mwezi wa kumi na moja mimea ya juu ilikuwa imekutana na ya chini, na asubuhi moja saa nne kamili ukingo wote ukafunguka, mwekundu na njano na waridi, kutoka barazani hadi mtaroni. Watu wa baiskeli waliokuwa wakivuka kwenda ng'ambo ya mpaka walishuka wakatazama. Mama alisimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza ufagio wake ulikuwa umelala ukutani. Nilijiona tayari niko Tororo, nimekaa kwenye dawati.

Safari moja baba alirudi mvua zikiwa zimekwisha. Alizunguka ukingo, akaupiga teke kwa kisigino, haukudondosha hata punje. Akainama akapenyeza mkono wake mwenyewe chini ya kona. Nilikuwa nangoja. Akasema, "Naona yale maji yamefaa." Nilimwacha aamini hivyo; hata sasa najilaumu, au labda sijilaumu. Hamisi ndiye aliyesema. Alikuwa na miaka minane na alikuwa amefundishwa madrasa kwamba kusema kweli ni jambo jema, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa wema. "Baba, dada hamwagilii. Maji yote anamwaga kwenye maboga." Baba alinyanyuka polepole. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na nikaanza kumweleza yote, kuoza, ncha, kivuli, changarawe, ndago, maneno yakinitoka yakigongana. Alinyanyua mkono ninyamaze. "Nilikuambia umwagilie, hukumwagilia. Tena umenidanganya miezi mitatu." Nikasema, "Lakini ukingo umesimama, Baba." Akautazama ukingo, akanitazama mimi. "Hii haikumwagiliwa, haikutiwa samadi. Basi imeota yenyewe. Kazi yako wewe iko wapi?" Nilimgeukia mama. Mama alikuwa ameniona nikilia juu ya matope meusi, alikuwa ameniona nikipanda upya. Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Mwezi wa kwanza Hamisi alipanda lori, analia kwa kuwa hakutaka kwenda. Mimi sikulia. Nilibaki na maua. Likizo ya kwanza aliporudi alikuwa anajua herufi, na bila mtu kumwambia alinivuta uwanjani akaokota kijiti, akaniandikia kwenye ardhi ya mama iliyofagiliwa safi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, likizo hadi likizo, kwenye uwanja mtupu, na kila alfajiri ufagio ulipita ukafuta nilichojifunza jana. Nilikuwa ninalala nikirudia herufi kichwani ili mama asinitangulie. Namshukuru Hamisi, sikatai. Lakini miaka saba ya darasani aliyopewa yeye, mimi niliiokota vumbini kwa miaka ishirini.

Baba hakuwahi kuyarudia maneno yale wala kuyafuta. Nilichokiona ni hiki: tangu mwaka ule, alipotaka kugeuza lori mbele ya nyumba, alimteremsha msaidizi wake aongoze gurudumu lisikanyage hata tawi moja la saa nne. Mgeni akisifia, alisema udongo wa hapa ni mzuri. Aliyalinda maua kwa miaka yote na hakunitaja hata siku moja, na mpaka leo sijui nifanye nini na jambo hilo.

Sasa mimi ndiye mzee wa nyumba. Barabara ni ya lami, malori yamepanga foleni hadi hayana mwisho, na viwanja vya mjini vimetandikwa matofali ya saruji, hakuna tena cha kufagia wala kuporomoka. Kando ya barabara binti mmoja anauza miche ya saa nne kwenye mifuko myeusi, ameweka kibao: MAUA YASIYO NA KAZI. Nilisimama nikamwuliza ni nani aliyemwambia hayana kazi. Akanijibu kwa adabu, "Nyanya, hayo hata ukiyasahau naota tu." Nilinunua mifuko sita, nimenuna.

Baba amezikwa kwenye mteremko nyuma ya msikiti. Hamisi alitaka kaburi lijengewe saruji, wazee wakakataa, na mvua zikaanza kuondoka na udongo, mwaka hadi mwaka, kama zilivyofanya kwetu. Sikumwomba mtu ruhusa. Nililaza vipande kivulini siku moja, nikavipanda mstari mmoja ukikaa katikati ya nafasi za mwingine, na tangu hapo kila Alhamisi nakwenda na kijiti changu kuchimbua ndago. Udongo haujasogea. Juzi imamu mpya alinikuta pale, nimepiga magoti, kucha zimejaa uchafu. Akayasifia maua, akaniuliza ni nani anayeyatunza, maana hajawahi kumwona mtu akiyamwagilia maji. Nikamjibu kwa sauti ya kutosha kusikika hadi chini kaburini kwamba imeota yenyewe.